Mvua Iliyobaki Kwenye Mti: Maisha ya Tata Tshimanga Rémy wa Musonoi, 1953–2025

Ndugu na jamaa, majirani wa Musonoi, wafanyakazi wa zamani wa reli mliosafiri kutoka Kasaji, walimu wenzangu, na ninyi mama wa parokia mnaolala chini ya hema hili tangu Jumapili, naitwa Ntumba Annie, mtoto wa kwanza wa marehemu, baba mliyezoea kumwita Tata, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, ijapokuwa kwetu karatasi hii husomwa na mwanaume, na baba mdogo Polycarpe alikuwa ameshapiga pasi koti lake kwa ajili hiyo. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka nisome mimi, aliliandika jambo hilo na kuweka sahihi, na baba mdogo amekubali, si kwa furaha. Karatasi ni ndefu, jua ni kali, na kuna mahali ambapo wengine wenu mtatamani ninyamaze, basi nawaomba uvumilivu mapema.

Baba yetu alizaliwa Kasaji, tarehe 14 Mei 1953, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa mzee Kitenge, fundi aliyeletwa kutoka Kasai wakati wa Wabelgiji, na wa mke wake, aliyekuwa na shamba la mahindi na karanga nyuma ya kituo. Yeye mwenyewe hakuikanyaga Kasai mpaka alipofukuziwa huko akiwa karibu kutimiza miaka arobaini, na hilo nitalisema mahali pake. Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Kasaji, kuanzia 1959 hadi 1966, akarudia darasa moja kwa sababu ya malaria, halafu akaja Kolwezi kwa masomo ya sekondari, akamaliza mwaka 1973, na waliosoma naye wanasema hakuwa na akili kuwapita wengine, ila daftari zake zilikuwa safi mno, walimu walizoea kuziinua juu ili darasa zima lione, na kwa sababu hiyo hakupata marafiki wengi.

Tarehe 2 Februari 1976 aliandikwa kazi na kampuni ya reli, karani wa mizigo katika kituo cha Kasaji, na mwaka 1979 alipelekwa Lubumbashi kwa miezi mitatu kujifunza kupima hali ya hewa, kwani siku zile reli ilitaka kujua mvua zake, kabla mvua hazijaja kubomoa tuta. Alirudi na kipimamvua cha zinki, chombo chembamba chenye mdomo wa duara, na kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe, na kitabu kidogo cha masharti alichokisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi. Sharti la kwanza lilisema kwamba kipimamvua kikae mahali pa wazi, na kama kuna mti au ukuta, uwe mbali nacho angalau mara mbili ya urefu wake. Alipohamishiwa Kolwezi alikiweka chombo hicho katika lupango yetu, kiwanja cha nyumba hii hapa Musonoi, tarehe 1 Oktoba 1981, mahali palipokuwa na mchanga mtupu, na kuanzia siku ile, kila asubuhi saa moja kamili, mvua ikinyesha au isiponyesha, alitoka na kalamu, akasoma, akaandika, akamwaga maji. Tulipokuwa wadogo tulidhani kila baba duniani anafanya hivyo kabla ya chai.

Alifunga ndoa ya kanisa na Mama Mbelu tarehe 19 Julai 1980, na mimba mbili za kwanza ziliharibika, kwa hiyo nilipozaliwa mimi, tarehe 11 Novemba 1984, nikapona wiki ya kwanza, nikapona na ya pili, Mama alifanya yote ambayo mama yake alimfundisha. Desturi ya kwetu wengi wenu mnaijua, kitovu cha mtoto kikikauka na kuanguka kinazikwa, juu yake unapandwa mti wa matunda, na mti huo haukatwi maadamu mtoto anapumua. Mama alichagua mbegu ya avoka, akachagua na mahali, na mahali pale palikuwa hatua sita tu kutoka kwenye kipimamvua. Baba alimwambia kwa upole kwamba hapo si pazuri, Mama akamuuliza ni mvua ipi ambayo angeipenda kuliko mtoto huyu, na baba akamwachia achimbe, kwa sababu mche wenyewe wakati ule ulikuwa hauzidi kiganja. Baada yangu alizaliwa Ngoyi, tarehe 6 Machi 1988, na miaka kumi baadaye Merdi, ambaye yuko Kinshasa na hakupata ndege ya kumfikisha leo.

Mwaka 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi, na sisi tulikuwa kati yao. Vijana walikuja kwenye lupango tarehe 24 Machi, mchana, wengine tuliwajua kwa majina, wakatuambia turudi kwetu, na Mama, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliweka mkono juu ya mti uliokuwa umefika kwenye paa, akawaambia: "Kitobu ya mutoto wangu iko hapa chini, hapa njo kwetu." Walicheka, mmoja akatupa sufuria nje, tukaondoka na tulichoweza kubeba, baba akiwa na madaftari yake kumi na mbili ndani ya gunia la unga. Tulikaa kwenye kituo cha reli wiki saba tukingojea mabehewa, karani wa reli amelala na familia yake kwenye saruji ya kituo alichokifanyia kazi, na hapo Ngoyi alikufa kwa surua, tarehe 30 Aprili 1993, akiwa na miaka mitano, akazikwa na watu wasiojua jina lake. Tukapelekwa Mwene-Ditu, tukaishi huko, tukarudi Musonoi tarehe 2 Septemba 1996, kwa hiyo katika madaftari ya baba kuna shimo la miaka mitatu na miezi mitano, ambalo hakuwahi kulijaza kwa kubuni, ingawa wengine wangejaza.

Nyumba ilikuwa haina mlango wala madirisha, lakini kipimamvua kilikuwa kimesimama, kimejaa majani, na mti ulikuwa umelipita paa na kuanza kuzaa. Nakumbuka Mama alipiga magoti. Baba alitoa majani ndani ya chombo, akakisugua kwa mchanga, na asubuhi iliyofuata saa moja alikuwa nje na kalamu, na katika furaha ile ya kukuta kitu cha kwetu bado kipo, hakuna mtu aliyepima urefu wa mti. Kosa lilianza asubuhi hiyo, na lilianza kwa upendo, lakini ni kosa. Miaka ilivyopita aliona matawi yanasogea, aliniambia mwenyewe kwamba aliona, akafikiri kuhamisha chombo, lakini kuhamisha kulihitaji barua kwenda ofisi ambayo haikujibu tena barua, na kulimaanisha kukata mfululizo wake kwa mara ya pili, na kuukata mti hakukuwezekana, kwanza kwa sababu yangu, halafu kwa sababu ya Mama, aliyefariki kwa presha tarehe 3 Julai 2009, na tangu hapo mti ule ukawa ndio kitu pekee chenye uhai alichokipanda Mama katika lupango hii. Basi akaendelea kuandika.

Mwaka 2011 alimpangisha chumba cha nyuma kijana mmoja aliyeitwa Zéphirin, mchomaji wa makala, yaani mkaa, pamoja na mke wake, Mama Marie, ambaye mnamwona ameketi pale karibu na jeneza, na hapo ndipo walipozaliwa watoto wao, Ruffin na Tania. Zéphirin alikata miti upande wa barabara ya Kasaji, akaichoma kwenye matanuri ya udongo, akaleta magunia sita kwa baiskeli moja, akiisukuma kilomita arobaini, na sisi sote, naomba tusijifanye wageni, tulipika bukari yetu, ugali wa kila siku, kwa makala ya Zéphirin, kwa sababu umeme unapita juu ya nyumba zetu kwenda migodini na hautushukii. Baba alimpenda. Alipokuwa na malaria, ni Zéphirin aliyetoka saa moja kusoma kipimamvua, na alisoma vizuri, baba alikagua.

Wakati huo huo mvua zilikuwa zimeharibika, kila mwenye shamba hapa ni shahidi. Zamani mahindi yalipandwa mwisho wa Septemba, sasa watu walipanda mwisho wa Oktoba, mbegu ikaoza au ikaliwa na joto, na mito midogo ya upande wa Mutoshi ilikauka Agosti, ilhali zamani ilifika Oktoba na maji. Baba hakupenda maneno ya kwamba fulani ameifunga mvua, alisema kama kuna mtu anayeiharibu, basi ataonekana kwenye daftari. Kwa hiyo mwezi wa Mei 2017, watafiti wawili walipokuja kutafuta ni kazi gani za binadamu zinazobadilisha hali ya hewa ya sehemu zetu, wakagundua kwamba vituo vingine vyote kwenye njia ya reli vilikuwa vimekufa na chake tu kilikuwa hai, alivaa shati jeupe, akawatandazia madaftari mezani, na nadhani ile ndiyo siku aliyofurahi kuliko zote tangu kifo cha Mama. Walipiga picha kila ukurasa kwa siku nne. Wakamuuliza kama chombo kiliwahi kuhamishwa, akasema hapana, na hiyo ilikuwa kweli. Hawakumuuliza juu ya mti, walikula avoka zake chini ya kivuli chake, naye hakusema.

Matokeo yalisomwa katika mkutano hapa Kolwezi, tarehe 12 Aprili 2018. Yalisema kwamba mvua ya Kolwezi imepungua kwa moja ya tano tangu 1993, na kwamba sababu iliyo karibu zaidi ni kukatwa kwa msitu kwa ajili ya makala, kwa kuwa msitu ulianza kuisha miaka ile ile. Kulikuwa na wakubwa mezani, kulikuwa na maji ya chupa, baba alipewa karatasi ya heshima, na mmoja wa wakubwa akamuuliza, kama mtu anayeijua nchi, ni akina nani hasa wanaokata. Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Angeweza kusema kwamba ni sisi sote tunaopika, angeweza kusema juu ya umeme, angeweza kuonyesha kwa kidole mashimo ya migodi yaliyo mbele ya dirisha, ambako hata nyasi hazioti. Alikuwa amefurahi mno kuulizwa, akajibu: "Hata mu lupango yangu muko moja, Zéphirin, ni yeye anaunguza mingi kupita bote."

Hakusema kwa chuki, nawaapia, alisema kama mwalimu anayetoa mfano. Lakini jina liliandikwa. Mwezi wa Juni ofisi moja ilipiga marufuku makala kwenye barabara ya Kasaji, wakatafuta pa kuanzia, wakaanza na jina walilokuwa nalo. Matanuri manne ya Zéphirin yalivunjwa, baiskeli yake ikachukuliwa, akalala siku tano ndani, na wachomaji wengine, ambao hawakuwa wamepanga kwa mpima mvua, walihamia ng'ambo ya mto wakaendelea. Aliporudi alikuja barazani, mimi nikiwepo, akakataa kiti, akamuuliza baba jambo moja tu: "Tata, juu ya nini haukuniambia kwanza mi mwenyewe?" Baba alijibu kwa namba. Alimweleza moja ya tano, alimweleza msitu, alimweleza kwamba daftari halimjui rafiki wala adui, na Zéphirin alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, akaenda kwake. Siku ile nilimchukia baba yangu, na ninalisema hapa kwa sababu aliwahi kuniambia kwamba nilikuwa na haki.

Tangu Agosti Zéphirin alikuwa Mutoshi, anachimba kobalti kwa mikono pamoja na vijana waliotoka kila pembe ya Kongo, kazi ambayo hakuijua, maana ukuta wa shimo unasomwa kwa macho ya miaka, naye alikuwa mtu wa miti. Tarehe 22 Januari 2019 mvua kubwa ilinyesha tangu asubuhi, saa saba mchana shimo liliporomoka juu ya watu watatu, naye alikuwa katikati, wakamtoa siku ya pili. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Daftari la baba la siku hiyo linasema milimita thelathini na nane, na leo najua kwamba hata hiyo haikuwa namba ya kweli.

Sasa nafika pale ambapo baba mdogo Polycarpe aliniomba niruke, na wajomba wawili wakaja juzi kunibembeleza, wakisema kwamba maiti haivuliwi nguo mbele za watu. Nimewasikia. Baba hakuniachia ruhusa ya kuruka, na mimi ni mwenye mti.

Mwaka 2020 kipimamvua kipya kiliwekwa katika uwanja wa shule yangu, mita mia tatu kutoka hapa, mahali pa wazi, na baba, aliyekuwa amestaafu, aliomba awe anakisoma nacho pia. Alidhani vitakubaliana. Mwezi wa kwanza havikukubaliana, akasema ni wingu lililopita upande mmoja, mwezi wa pili vivyo hivyo, akanilaumu mimi kwamba wanafunzi wanatia maji, na mwezi wa tatu hakumlaumu mtu tena. Alikwenda na kurudi kila asubuhi miezi kumi na minne, akiwa na miaka sitini na saba, na mwisho namba zilikuwa wazi hata kwangu ninayefundisha darasa la tatu: kila matone matano yaliyoanguka shuleni, nyumbani yaliingia manne, na upepo ukitoka upande wa mti yaliingia matatu. Ile moja ya tano ya mvua iliyopotea tangu 1993, ambayo ilisomwa mbele za wakubwa, ambayo iliandikwa kwenye vitabu, haikupotea popote, ilibaki kwenye majani ya avoka.

Alifanya hesabu zake zote upya, madaftari arobaini ya wino mweusi, akaziandika kwa penseli nyekundu katika madaftari mapya. Hakusema kwamba hali ya hewa haijaharibika, wala mimi sisemi, msije mkatoka hapa na habari hiyo. Mvua za kwanza zinachelewa kweli, siku ishirini na nne kuliko zamani, hilo mti haukulifanya. Na joto, ambalo kisanduku chake kilikuwa kinalipima kivulini miaka yote, lilikuwa limepanda zaidi ya alivyokuwa akiandika, na lilipanda zaidi upande wa mashimo, mahali ambapo udongo uko uchi na mashine hazizimwi. Aliandika kwamba mkono wa binadamu upo, kuna moshi wa nchi za mbali, kuna migodi, kuna shoka, kuna sufuria zetu, na kila mkono una kiasi chake, na kazi ya mpimaji ni kuupa kila mkono kiasi chake bila kuongeza, na yeye aliongeza kwa mkono mmoja mdogo uliokuwa karibu naye. Aliwaandikia watafiti, na ile ofisi iliyopiga marufuku, tarehe 8 Novemba 2021. Watafiti walimjibu kwa adabu, wakamshukuru, wakarekebisha kwa mistari miwili chini ya ukurasa. Ofisi haikujibu, na marufuku yenyewe ilikuwa imeshasahauliwa, makala yanapita barabarani mchana kweupe, atakaye anajua nani wa kumsalimia.

Alikihamisha kipimamvua mita thelathini. Mti hakuukata, nilimwambia aukate, nilishika panga mwenyewe, akanizuia akasema hautarudisha mtu.

Jambo moja hakuliweza. Hakumwambia Mama Marie. Alivuka ua ule kila siku kwa karibu miaka miwili, akawafundisha watoto wake hesabu, akampa chumba cha pili, na kila alipomfanyia jema Mama Marie alimshukuru, akawaambia majirani kwamba Tata huyu ni mtu wa Mungu, na yeye aliinamisha kichwa, nanyi mkadhani ni unyenyekevu. Halafu ukaja ugonjwa. Kuanzia Machi 2023 mapafu yake yalianza kushindwa, alilazwa mara tatu, mwaka 2024 alirudishwa nyumbani na chupa ya oksijeni, mimi nina darasa la watoto tisini, Merdi yuko mbali, na aliyemwogesha, aliyempikia uji, aliyemgeuza kitandani miezi tisa ni Mama Marie. Mwezi uliopita nilimuuliza kwa hasira anangoja nini, akanijibu kwa pumzi aliyobaki nayo: "Mi siwezi kumwambia, ni yeye ananipangusa mugongo." Wiki iliyofuata aliniita na karatasi. Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja, na kabla ya hapo, saa moja, aliomba aambiwe kipimamvua kinasema nini. Wanaotafuta kwenye kilio hiki ni nani aliyemuua, nawaomba waache, ni mapafu, daktari ameandika.

Nasoma sasa maneno yake mwenyewe kama alivyoyaandika. "Marie, mwanangu, mume wako alikata miti, lakini mvua ambayo nilisema ameipoteza haikupotea. Nilipima vibaya, na nilijua kwamba mti uko karibu. Nilitaja jina lake kwa sababu nilitaka wakubwa waone kwamba najua. Angalikuwa hai leo, anasukuma baiskeli yake. Nimekunywa uji wako miezi tisa bila kukuambia, na hilo ni baya kuliko namba. Wanaojua kusoma wasome madaftari mekundu, na yale meusi yasitumike tena."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kila mara bila kuchoka, majirani walioleta maji, kuni na viti, wafanyakazi wa reli waliomchimbia kaburi kwa mikono yao, wazee kama walivyo, parokia kwa nyimbo, wanafunzi wangu waliofagia uwanja huu, na baba mdogo Polycarpe, ambaye hakunipokonya karatasi.

Kwa kawaida mahali hapa msomaji humwambia marehemu maneno yale matatu ambayo ninyi nyote mnayangojea, halafu jeneza linainuliwa. Mstari wa mwisho wa karatasi yake unasema kwamba asiambiwe na mtu yeyote, si na mimi mtoto wake, si na padri, kabla ya Marie kuulizwa. Mama Marie, jana usiku nilitaka kukuonyesha, nikaogopa kama yeye alivyoogopa, kwa hiyo umeyasikia pamoja na watu wote, nisamehe. Wabebaji wamesimama, nimewaomba wasiguse kitu. Ukisema apumzike kwa amani, tutasema nyuma yako, na ukikaa kimya, tutamzika kimya, na hakuna mtu wa familia hii atakayekuuliza kwa nini.